Rahisi huvunja upishi: Bima ya bawabu na hesabu tunayoikwepa

Miaka mitatu iliyopita, bawabu wa lango la mtaa wetu alikatwa panga mkononi saa nane za usiku. Vijana watatu waliruka ukuta, naye badala ya kukimbia akapuliza filimbi mpaka watu wakaamka. Wezi waliondoka mikono mitupu. Yeye akakimbizwa hospitali kwa tuktuk ya jirani, na vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikufanya kazi tena.

Asubuhi yake tulimpigia meneja wa kampuni iliyomwajiri. Simu ililia bila kupokelewa. Siku ya tatu akaja mtu na mfuko wa unga, mafuta ya kupikia na ahadi. Mwezi ulipokwisha, langoni alikuwa amesimama mlinzi mwingine na sare ile ile. Sisi wakaazi tukafungua kundi la WhatsApp la mchango, tukapata elfu thelathini na kitu, tukajiona tumetenda wema. Bawabu wetu akarudi kwao Ganze.

Zaidi ya mwaka mmoja baadaye, ulipofika wakati wa kuufanya upya mkataba, niliitoa karatasi ya zamani kabatini nikaisoma kwa makini kwa mara ya kwanza. Mlikuwamo kipengele cha sare, cha tochi, cha filimbi, hata cha koti la mvua. Cha bima hakikuwamo. Chini palikuwa na saini tatu za wanakamati, na moja ilikuwa yangu.

Kwa hivyo ndugu msomaji, makala haya hayawalengi wenye kampuni za ulinzi peke yao. Yanatulenga sisi wateja pia: wenye hoteli Diani na Watamu, wenye maduka Markiti, wenye magodauni Shimanzi na Changamwe, kamati za mitaa Nyali, Tudor na Bamburi, pamoja na ofisi za kaunti zinazotoa zabuni. Sisi ndio tunaopanga bei. Na tunapoibana bei, kitu cha kwanza kukatwa ni kile ambacho hakionekani langoni, nacho ni bima.

Fidia si sadaka

Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ambayo wengi tunaijua kwa jina la WIBA, ni ya mwaka 2007. Kifungu chake cha 7 kinamtaka kila mwajiri awe na bima ya kulipia majeraha ya wafanyakazi wake. Hakimbagui mwenye walinzi elfu mbili na mwenye walinzi sita. Wala mlinzi hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Akiumia akiwa kazini, na hakujiumiza kwa makusudi, anayo haki yake.

Mlinzi akifa, au akilemaa kabisa, fidia ni mapato yake ya miezi 96. Ulemavu ukiwa wa sehemu tu ya mwili, fidia hufuata asilimia anayoiandika daktari. Asipoweza kufanya kazi kwa muda, anastahili kuendelea kulipwa hadi miezi 12, na gharama za matibabu ni juu ya mwajiri. Hata safari imo: mlinzi akipata ajali ndani ya gari la kampuni lililowekwa kumpeleka lindoni au kumrudisha, sheria inahesabu kwamba ameumia kazini. Wale walinzi tunaowaona jioni wamebanana nyuma ya pikapu katika barabara ya Malindi wamo ndani ya sheria hii.

Utaratibu nao ni rahisi kuufuata. Mwajiri akishaarifiwa ajali, ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ambaye idara yake huitwa DOSHS na ina ofisi Mombasa. Mtu akifa, muda ni saa 24. Mwenye kuumia ana miezi 12 ya kuwasilisha dai. Dai likishafikishwa kwa mwajiri au kampuni ya bima, linatakiwa lilipwe ndani ya siku 90. Tarehe 3 Desemba 2019, Mahakama ya Juu ilimaliza mvutano wa miaka mingi iliposema kwamba utaratibu huu ni halali na kwamba madai ya majeraha kazini yaanzie kwa Mkurugenzi, si mahakamani.

Mimi nilikuja kuyajua haya wakati miezi 12 ya bawabu wetu imeshapita. Tulimchangia elfu thelathini, ilhali huenda alistahili mara kadhaa ya pesa hizo kisheria. Mchango wetu ulikuwa wa huruma, lakini pia ulitusahaulisha kuuliza nani hasa aliyepaswa kulipa.

Hesabu ya mlinzi mmoja

Wateja wengi hudhani bima ndiyo inayoipandisha bei ya ulinzi. Hebu tufanye hesabu ya mfano tuone.

Chukua mlinzi mwenye mshahara wa msingi wa Sh18,000. Ongeza marupurupu ya nyumba ya asilimia 15, yaani Sh2,700. Jumla ni Sh20,700. Sasa weka anayotakiwa kutoa mwajiri juu ya hapo: NSSF asilimia 6, ambayo ni Sh1,242, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, Sh310.50, na ada ya mafunzo ya NITA, Sh50. Tumefika Sh22,302.50. Bado hatujagusa sare, buti, redio, msimamizi wa zamu, mlinzi wa kumpumzisha mwenzake siku ya mapumziko, ofisi, wala faida. Na juu ya yote hayo serikali inataka VAT ya asilimia 16.

Bima ya WIBA hutozwa kwa asilimia ya mishahara ya mwaka mzima. Kiwango hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na kazi ya ulinzi huhesabiwa kuwa ya hatari kuliko kazi ya karani. Tuweke mfano wa asilimia 1, kisha wa asilimia 2. Kwa mlinzi wetu, asilimia 1 ni Sh207 kwa mwezi, takriban shilingi 7 kwa siku. Asilimia 2 ni Sh414, takriban shilingi 14 kwa siku. Ni bei ya andazi. Upande wa pili wa mizani, mapato yake ya miezi 96 ni Sh1,987,200.

Kwa kampuni yenye walinzi 100 wa mshahara huo, mishahara ya mwaka ni Sh24,840,000, na bima itakuwa kati ya Sh248,400 na Sh496,800 kwa mifano yetu miwili. Kwa mwenye kampuni ndogo pesa hizo si kidogo. Lakini kifo kimoja tu cha mlinzi asiye na bima kinamtaka alipe karibu milioni mbili kutoka mfukoni mwake, kwa sababu kukosa bima hakumwondolei deni.

Sasa rudi kwenye bei. Kampuni ikikujia na kusema itakupa mlinzi kwa Sh20,000 kwa mwezi, kila kitu ndani, huhitaji kuwa mhasibu kujua kuna kitu hakimo. Ama mshahara uko chini, ama NSSF haipelekwi, ama bima haipo. Mara nyingi ni vyote vitatu.

Kuna saa pia. Kanuni za mishahara ya sekta ya ulinzi zinaweka saa 52 za kawaida kwa wiki. Wiki ina saa 168. Lango la kulindwa usiku na mchana bila saa za ziada linahitaji walinzi watatu na zaidi kidogo. Mtaa unaolipia wawili umekwisha kuamua kwamba walinzi hao watachoka, na mlinzi aliyechoka ndiye anayeumia, na ndiye anayeibiwa akiwa amesinzia.

Mshahara mdogo, fidia ndogo

Mapema mwaka 2024, mamlaka inayosimamia sekta hii, PSRA, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016, ilitaka mlinzi asilipwe chini ya Sh30,000. Mkurugenzi wake Fazul Mahamed alilisukuma jambo hilo kwa nguvu, kampuni zikaenda kortini na agizo likasimamishwa. Mjadala ulikuwa wa mshahara peke yake. Wachache waliona kwamba ulikuwa pia mjadala wa bima.

Fidia hufuata mapato. Mlinzi wa Sh10,000 akifa, miezi 96 ni Sh960,000. Wa Sh30,000, ni Sh2,880,000. Anayemlipa mlinzi kidogo leo anampunguzia mjane wake kesho.

Kuna mchezo mbaya zaidi. Kwa kuwa bima hutozwa kwa mishahara iliyotangazwa, kuna kishawishi cha kutangaza nusu. Kampuni ina walinzi 100, katika fomu ya bima inaandika 40. Cheti kinatoka, kina muhuri, mteja akionyeshwa anaridhika. Siku akiumia yule wa 41, kampuni ya bima itaomba orodha ya mishahara, na jina lake halimo. Ndiyo maana cheti pekee hakitoshi. Uliza kimekatwa kwa watu wangapi na kwa mishahara ya kiasi gani.

Wengine hununua bima ya ajali ya kikundi, yenye kikomo kidogo, wakaiita WIBA. Bima hiyo ni nzuri kama nyongeza, kwa sababu huweza kumfunika mtu saa 24, hata akiwa nyumbani. Lakini ikikoma kwenye laki mbili na sheria inadai milioni moja na laki tisa, kilichobaki ni deni la mwajiri, na mwajiri asiye na kitu huhama ofisi.

Mwili wa mlinzi, mali ya mteja

WIBA inamlipa mlinzi. Hailipi televisheni yako. Hapa ndipo ugomvi mwingi kati ya wateja na kampuni huanzia, kwa hivyo tuzitenganishe bima hizi.

Bima ya dhima kwa umma inahusu watu wengine wanaodhurika kwa kazi ya mlinzi. Soja amempiga rungu mpita njia akidhani ni mwizi. Mbwa wa kampuni amemuuma mtoto wa mgeni hotelini. Mteja wa duka amefungiwa chumbani kwa kushukiwa na hakuiba. Kabla ya kuitegemea, isomwe kama inagusa kukamatwa kimakosa na matumizi ya nguvu, kwa sababu si kila hati inayagusa, na hayo ndiyo yanayotokea sana katika kazi hii.

Bima ya uaminifu inalipa pale mlinzi mwenyewe, au mfanyakazi mwingine wa kampuni, anapoiba. Kampuni za bima huweka masharti: wafanyakazi wawe wamechunguzwa, wizi uripotiwe polisi upesi, na mwizi awe anajulikana ni wa ndani. Kampuni iliyoajiri mtu bila hata cheti cha tabia njema kutoka DCI imeshajikata mguu.

Bima ya uzembe wa kikazi inahusu hasara anayoipata mteja kwa sababu mlinzi hakufanya alichoahidi: alilala, alitoka lindoni, hakujibu kengele ya dharura. Hapa mkataba ndio hakimu. Mikataba mingi ya ulinzi ina maandishi madogo yanayosema kwamba kampuni haitalipa hasara yoyote, au italipa mwisho kiasi fulani. Ukitia saini bila kusoma, unaweza kukuta godauni lenye mzigo wa mamilioni linalindwa na ahadi ya malipo ya mwezi mmoja.

Na wewe mwenye mali, usiitegemee kampuni ya ulinzi kama ndiyo bima yako. Kata bima yako ya wizi. Lakini jua kwamba bima ya wizi kwa kawaida hutaka dalili za kuvunja: kufuli lililokatwa, dirisha lililong'olewa. Mlinzi akifungua kwa ufunguo na mali ikatoka kwa mlango wa mbele, hiyo ni kazi ya bima ya uaminifu. Na bima yako ikikulipa, inaweza kugeuka kumdai mwenye kampuni ya ulinzi ikiwa uzembe wake ndio uliosababisha hasara. Kwa hivyo naye anahitaji kinga.

Kwetu Pwani kuna jambo jingine. Tumeyaona ya Kikambala mwaka 2002 na ya Mpeketoni mwaka 2014. Tumeona pia maandamano ya mwaka 2024 yakigeuka uporaji na uchomaji. Bima nyingi za kawaida za mali hazigusi ugaidi wala ghasia za kisiasa. Kinga hiyo hununuliwa mbali. Mwenye hoteli anayedhani kwamba amekwisha jikinga kwa kuweka walinzi kumi getini aifungue hati yake asome kurasa za mambo yasiyolipwa.

Cheti kipo, bima haipo

Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima kinasema kampuni ya bima haibebi hatari kabla ya kupokea malipo. Hakuna bima ya mkopo wa maneno. Mwenye kampuni aliyepewa karatasi kwa ahadi kwamba atalipa mwisho wa mwezi hana kinga. Wapo pia waliomlipa wakala taslimu, na pesa zisifike. Lipa kwa akaunti ya kampuni ya bima yenyewe, udai risiti yake.

Kuna pia kampuni za bima zinazoanguka. United Insurance ilianguka mwaka 2005, na Blue Shield ikawekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2011, wenye madai wakabaki wakizunguka. Upo mfuko wa kuwafidia wenye bima, unaochangiwa kwa asilimia 0.25 ya kila malipo, lakini una kikomo, na kikomo hicho hakifiki hata nusu ya fidia ya kifo cha mlinzi. Kabla ya kufurahia bei nafuu, hakikisha kampuni imo katika orodha ya mwaka huu ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima.

Mwenye kampuni naye anasema nini

Haki iko pande zote. Nimezungumza na wenye kampuni ndogo hapa Mombasa, na kilio chao si cha uongo. Bima inatakiwa ilipwe mwanzo wa mwaka, mteja analipa baada ya siku 60 au 90, na ukifanya kazi na serikali unaweza kungoja zaidi. Hoteli hupunguza walinzi mvua za masika zikianza na kuwarudisha msimu ukirejea. Na kubwa zaidi, anayeweka gharama ya bima ndani ya bei yake anaikosa zabuni, anaipata asiyeiweka.

Hilo la mwisho ndilo kiini cha tatizo. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 kwa kawaida humpa kazi mwenye bei ya chini kabisa kati ya waliotimiza masharti. Bima isipokuwa sharti, sheria hiyo hiyo itamzawadia aliyeikwepa. Na wateja binafsi tunafanya vivyo hivyo bila kulazimishwa na sheria yoyote.

Ya malipo yana dawa. Benki kadhaa hukopesha pesa za bima na kulipwa kidogo kidogo kila mwezi. Walinzi wakipungua au kuongezeka, hesabu ya WIBA hurekebishwa mwisho wa mwaka kwa mishahara halisi. Na vyama vya sekta hii, KSIA na PSIA, vingeweza kuzikusanya kampuni ndogo zikanunua kwa pamoja, kwa sababu mwenye walinzi 30 akienda peke yake hana sauti ya kujadili bei.

Ya ushindani, dawa iko mikononi mwa mteja. Bima itolewe nje ya mnada. Katika mkataba, iwe na mstari wake: walinzi kadhaa, mishahara kiasi hiki, bima kiasi hiki. Mteja ailipe kama ilivyo, na kampuni ilete risiti na cheti vyenye idadi hiyo hiyo ya watu. Kampuni zishindane kwa usimamizi, kwa mafunzo na kwa faida zao, zisishindane kwa damu ya mlinzi.

Na wewe uliyemwajiri bawabu wako mwenyewe bila kampuni, usidhani umeponyoka. Wewe ndiwe mwajiri, na WIBA inakuhusu. Zipo bima za nyumba zinazounganisha jengo, vyombo na wafanyakazi wa nyumbani katika hati moja. Muulize wakala wako kama bawabu amo.

Shilingi arobaini na moja

Tulipokaa kikao cha kuufanya upya mkataba, nilipendekeza kipengele cha bima. Mwenzangu mmoja akasema tutawaongezea wakaazi mzigo. Tukachukua kalamu. Mtaa una nyumba 40 na walinzi wanne. Kwa kiwango cha asilimia 2, bima yao wote ni Sh1,656 kwa mwezi. Gawanya kwa nyumba 40: ni shilingi 41 na senti kwa kila nyumba.

Hakuna aliyesema neno. Kipengele kikapita, na kampuni mbili kati ya tano zilizoomba kazi zikajiondoa zilipotakiwa kuleta cheti na orodha ya mishahara.

Wazee wetu walisema rahisi huvunja upishi. Kabla hujatia saini mkataba wako wa ulinzi mwaka huu, muulize mwenye kampuni swali moja: huyu atakayesimama langoni kwangu usiku, akikatwa panga, nani atalipa, na karatasi iko wapi? Akianza kuzungukazunguka, jibu umekwisha kulipata. Mimi sikuuliza, na kuna mtu Ganze anayelima kwa mkono mmoja.